Dada Mweusi, Pita Huku

Machinga wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, Dar es Salaam, hawaulizi jina lako. Wanakuita kwa kile walichokiona mwanzo. Mwenye baibui ni ukhti, mwenye miwani ni mwalimu, mnene ni mama hata kama ana miaka kumi na tisa, mwembamba mrefu ni modo, na mweupe, awe kavaa nini, ni mrembo. Mimi ni dada mweusi. "Dada mweusi, pita huku! Dada mweusi, saizi yako hii hapa!" Nimezaliwa Ilala, nimekulia Ilala, na tangu nimalize kidato cha nne nauza vitenge na madera kwenye duka la mama mdogo, hatua chache kutoka Msimbazi. Wito huo nimeusikia mpaka nageuka upesi kuliko nikiitwa jina alilonipa baba.

Kijana anayetandaza mitandio mbele ya duka letu aliwahi kunifundisha siri ya kazi yake. Ukiita "dada" tupu, alisema, watageuka kumi na hatasimama hata mmoja. Ukimtaja mtu alivyo, anajua ni yeye. Tatizo ni kwamba ukimtaja vibaya umepoteza mteja, na ndiyo maana wasichana wanene siku hizi wanaitwa "bosi". Nilimuuliza kwa nini mimi sijapandishwa cheo. Akacheka, akaniambia, "Dada, wewe ukiitwa hivyo si unakuja?"

Ni kweli, huwa nakwenda. Machinga anataja anachokiona, anataka elfu tano yangu, basi. Hana mpango na mimi baada ya hapo. Walionisumbua zaidi maishani ni wale ambao hawajawahi kutamka neno "mweusi" mbele yangu.

Nyumbani kwetu maumbile yangu yaligawanywa mapema, kama urithi wa marehemu. Mwanya nimeutoa kwa bibi mzaa baba, nao unasifiwa. Huku pwani mwanya ni pambo, na mtu mwenye nao anaruhusiwa kucheka kwa sauti kubwa, jambo ambalo mimi nalifanya hata misibani kwa bahati mbaya. Urefu ni wa babu, nao unavumiliwa. Weusi ni wa baba mwenyewe, na huo unapewa pole. Mama ni maji ya kunde. Akina mama wakitutazama pamoja kwenye shughuli husema, "Huyu kamchukua baba yake kabisa," halafu wananyamaza kidogo, kisha mmoja anaongeza, "Lakini ana macho mazuri." Hiyo "lakini" nimeisikia tangu sijaanza darasa la kwanza.

Dukani kazi yangu ya asubuhi ni kuvalisha masanamu. Yetu yametoka China: kiuno chembamba, nyonga ambazo hazipiti kwenye mlango wetu wa uani, na ngozi ya rangi ya maziwa. Nina mazoea ya kuongea nayo. Namwambia mmoja, "Shoga, leo tunavaa kijani," na nikimvua jioni namwomba radhi. Mama mdogo ananishauri tabia hiyo niifiche mpaka niolewe. Lakini biashara imenionyesha kitu ambacho yeye pia anakijua: dera likiwa mwilini mwangu linauzika haraka kuliko likiwa kwenye sanamu. Wateja wetu wengi ni wa rangi yangu au karibu yake, na kwangu wanaona zambarau ile itakavyokaa kwao wakiwa kwenye arusi, siyo itakavyokaa kwenye plastiki. Ndiyo maana mama mdogo ananivalisha bure. Halafu jioni, tukifunga hesabu, ananiuliza kwa nini sijipaki kitu.

Hicho "kitu" hakiko mbali. Ukiingia vichochoro vya vipodozi, ambako maduka yamebanana na jua halifiki, muuzaji hatakuita dada mweusi. Hataji rangi kabisa. Atakutazama kwa huruma ya daktari na kusema, "Una ngozi nzuri, imechoka tu." Ana maneno yake: kusafisha, kutakatisha, kutoa sugu, kurudisha rangi yako ya asili. Mimi niliwahi kumwambia mmoja kwamba rangi yangu ya asili ndiyo hii aliyokuwa anaiangalia. Akanijibu kwa upole kwamba wengi husema hivyo mwanzoni.

Mkorogo, kama jina lake, hukorogwa. Chini kuna losheni ya kawaida, juu yake krimu za namna mbalimbali, na hatari imo kwenye hizo krimu. Moja ni haidrokwinoni, ambayo huzuia ngozi isitengeneze melanini; ukiitumia kwa muda mrefu, mashavu yanaweza kutoa madoa ya kijivu yasiyofutika, yaani unakimbia weusi unapokelewa na weusi mwingine mbaya zaidi. Nyingine ni klobetasoli, ile krimu kali ya kwenye tyubu ambayo daktari humwandikia mwenye pumu ya ngozi aipake kwa siku chache mahali padogo. Ukiipaka mwili mzima kila siku, ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, mapaja huchanika michirizi, na kidonda kidogo huchelewa kupona. Ya tatu ni zebaki. Hiyo haiishii kwenye ngozi. Huingia mwilini, huharibu figo na neva, na mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni.

Hakuna linalofanyika hapo ambalo sheria hailijui. Mamlaka ya Chakula na Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ilipiga marufuku vipodozi vyenye viambato hivyo, na mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi ukahamishiwa Shirika la Viwango, TBS. Mkataba wa Minamata, ambao dunia iliukubali mwaka 2013, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki kutengenezwa na kuuzwa nje. Hata hivyo mkorogo unauzwa, na walioutumia unawajua kwa vifundo vya vidole na viwiko, ambako ngozi ni nene na hukataa kubadilika. Mjini wanaitwa uso Fanta, miguu Coca-Cola. Mimi sipendi utani huo. Anayeucheka jioni ndiye aliyemwambia yule dada asubuhi kwamba amepauka.

Wenzangu wengi tukizungumza haya humaliza haraka: weupe tumeletewa na mkoloni. Kwa sehemu ni kweli, lakini nikimsikiliza bibi mzaa mama, ambaye ni Mzaramo, naona hadithi ina mizizi mingine hapahapa. Zamani binti akivunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, akafundwa na kungwi, akakaa bila jua wala jembe kwa miezi, wengine kwa muda mrefu zaidi. Siku ya kumtoa, watu walikuja kuona alivyonona na alivyong'aa. Kung'aa kwake kulikuwa habari njema kwamba kwao kuna chakula na kuna watu wa kulima badala yake. Leo bibi arusi wa Magomeni hupakwa liwa na singo kwa nia inayofanana na hiyo, na mimi singo naipenda, harufu yake tu inaniondolea uchovu. Tofauti ni kwamba mwali alitolewa nje akarudi juani, na rangi yake ikarudi naye bila mtu kulia.

Jiji hili limewahi kujaribu kuyamaliza mambo ya urembo kwa amri. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana, utekelezaji uanze 1 Januari 1969. Mpango huo uliitwa Operesheni Vijana. Azimio la Arusha lilikuwa halijatimiza miaka miwili, na viongozi vijana waliona haiwezekani kujenga ujamaa huku mtu amevaa nywele za mtu mwingine. Lakini Kariakoo haikusubiri Januari. Siku chache baada ya tangazo, makundi ya vijana wa kiume yalikusanyika kwenye vituo vya mabasi na kando ya soko, yakawavamia wanawake waliovaa nguo fupi au za kubana, mpaka polisi wakaitwa kuwatawanya. Soko lenyewe halikuwa hili la zege alilolichora Beda Amuli. Hilo lilifunguliwa mwaka 1975, na likaungua Julai 2021. Ila njia ni zilezile ninazopita na mkoba wangu.

Bibi mzaa mama alikuwa msichana wakati huo. Anasema wenzake waliokuwa na kazi za ofisini walitembea na kanga kwenye mkoba: wakishuka basi wamejifunga, wakifika kazini wanaikunja. Hasimulii kama shujaa. Anasimulia kama mtu anayekumbuka msimu wa mvua mbaya.

Magazeti ya wakati huo yalijaa barua. Wapo waliosema sketi fupi inatia aibu taifa. Wapo waliouliza kwa ukali: kama sketi ndefu ndiyo utamaduni wa Mwafrika, mababu zetu walizishonea wapi? Mwanahistoria Andrew Ivaska, aliyezichambua barua hizo, ameonyesha kwamba chini ya maneno ya heshima kulikuwa na ugomvi wa kazi na fedha. Wasichana walikuwa wamepata ukarani na kazi za kupiga taipu, wana mshahara wao, na wengine wanapewa lifti na wakubwa wenye magari. Kijana aliyetoka mkoani, hana kazi wala gari, aliona goti la karani na akasoma humo kila alichokikosa. Nakubaliana na Ivaska, maana hata leo matusi ya mtaani hayaangukii urefu wa nguo pekee. Huanguka pale msichana anapopita bila kujibu salamu.

Jambo linalonichekesha ni kwamba miaka hiyohiyo, kule kaskazini, serikali ilikuwa inawabana Wamaasai waache lubega na udongo mwekundu, wavae suruali na mashati wafanane na watu wa kisasa. Mmaasai aliambiwa amebaki nyuma mno, msichana wa Kariakoo akaambiwa amekwenda mbele mno, na waliowaambia hayo wote walikuwa wamevaa vizuri tu.

Wigi likarudi midomoni mwa viongozi baada ya nusu karne, safari hii bungeni, kama chanzo cha mapato. Juni 2019, Waziri wa Fedha, Philip Mpango, alipendekeza ushuru wa asilimia 25 kwa nywele bandia zinazotoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Mitaa ya nywele ilinuna wiki nzima, bei ikapanda, na wanawake wakaendelea kununua. Msusi wangu alitoa uamuzi wake akiwa na chanuo mdomoni: "Kichwa cha mwanamke hakikosi mwenyewe."

Kwenye nywele mimi si mtu wa kutolea mfano. Wigi linaniwasha, na sina subira ya kukaa kwenye kiti mchana kutwa nikivutwa ngozi ya kichwa kwa ajili ya rasta. Nasuka twende kilioni, au nanyoa. Nilipoanza kunyoa kwa hiari yangu, mama mdogo aliniuliza nimefiwa na nani. Shule nilizosoma, kama nyingi za serikali, zilitunyoa wasichana wote, na hakuna aliyesema tumependeza. Kisha mwaka 2007 Flaviana Matata, mweusi mwenye kichwa kilichonyolewa, akawa Miss Universe Tanzania akaenda kushindana Mexico, na ghafla upara ukawa mtindo. Kichwa kilekile: shuleni nidhamu, jukwaani urembo, dukani kwetu msiba.

Sasa niseme habari ya mchumba, nisiiruke.

Alikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mpole, mwenye mikono safi, na alinipenda kwa namna ya mtu anayeweka akiba. Barua ya posa ililetwa, kishika uchumba kikapokelewa, wajomba wakaanza kubishana mahari. Kasoro yake ilianzia kwenye simu. Kila alipotupiga picha aliweka ile sehemu ya kulainisha uso, natoka nimepauka na pua imepungua. Nilimwambia simu zinazouzwa hapahapa Kariakoo, Tecno na ndugu zake, zimejipatia soko la Afrika kwa kutengeneza kamera inayomwona mtu mweusi bila taabu, kwa hiyo aiache ifanye kazi yake. Hii si hadithi ndogo. Miaka mingi filamu za rangi zilipimwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, iliyoitwa Shirley, na sisi wengine tulitoka kwenye picha meno na macho. Katika picha za arusi za wazazi wangu mama anaonekana, suti ya baba inaonekana, baba mwenyewe unamkisia.

Tulipofika kwenye mipango ya sendofu, akaniambia neno lake kwa sauti ya chini, tukiwa kwenye kibanda cha chipsi karibu na Mnazi Mmoja. "Ungejipaka kidogo tu, ya mwezi mmoja, picha zitoke vizuri. Ukimaliza unaacha." Nilimuuliza, "Na nikiacha, utamwoa nani?" Hakujibu, akaniongezea kachumbari. Alikuwa tayari kulipa ukumbi, chakula cha watu mia tatu na mahari ya wajomba wakorofi, ila alitaka sura ya bibi arusi ichaguliwe kama kitambaa cha mapambo. Kishika uchumba tulikirudisha. Mama mdogo alilia kuliko mimi.

Lakini kwa mama mdogo, mchumba kuondoka hakukuwa kitu mbele ya udongo. Mimi nakula udongo, ule mkavu wa vipande wanaouita pemba, unaouzwa pembezoni mwa soko pamoja na ubuyu na ukwaju. Harufu ya mvua ya kwanza iko humo. Kila ninaponunua, muuzaji ananiuliza, "Mwezi wa ngapi, mama?" Hapo nimepandishwa cheo kutoka dada kwa sababu ya shilingi mia mbili. Mama mdogo alipokikuta kipande kwenye mkoba wangu, siku chache baada ya kuvunja uchumba, alikaa chini kwenye marobota ya vitenge akaanza kuhesabu kwa vidole. Mtafiti Sera Young aliishi kisiwani Pemba akichunguza tabia hii, na utafiti wake unaihusisha na ujauzito na upungufu wa damu. Nami nilipopimwa damu ilikuwa chini kweli, nikapewa vidonge vya madini ya chuma. Udongo unaweza kuwa na mayai ya minyoo na risasi, na unaweza kuzuia chuma kisiingie mwilini, kwa hiyo simshauri mtu. Hamu imepungua, haijaisha. Nimeona afadhali niandike hapa kuliko mtu anione sokoni akaanza kuhesabu naye.

Nikichoka na haya yote humkumbuka mwimbaji Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, akauza vyungu, kisha akawa sauti iliyowatoa watu majumbani, mpaka akapelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Wenye wivu hawakuweza kuikosoa sauti yake, wakaikosoa sura. Walimtungia nyimbo za kumdharau kwamba si mzuri na hana kwao. Naye akajibu kwa wimbo, kistaarabu, akawaachia aibu yao. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na wanahabari wanawake wa TAMWA, chama kilichoanzishwa mwaka 1987, walipotafuta jina la jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Majina ya waliomcheka sijakutana nayo popote.

Mimi siimbi. Nina ombi tu, na linawahusu zaidi akina mama na mashangazi kuliko machinga. Mtoto akizaliwa hospitali ya Amana au Muhimbili, wageni wa kwanza humfunua shuka na kumtazama ncha za masikio na mizizi ya kucha, kwa kuwa wanaamini hapo ndipo panapotabiri rangi atakayokuwa nayo akikua. Mama ananiambia mimi nilifanyiwa hivyo nikiwa sijatimiza siku, na aliyenitazama akasema "pole" kabla ya kusema "hongera". Ukienda kumwona mtoto, peleka kanga, sabuni na uji wa mzazi. Sema hongera. Masikio ya mtoto yaache.